Maisha ya Manirakiza Pélagie, Mwenye Alijibu kwa Jina ya Dada Yake

Padri wetu, wazee wa avenyi, majirani wa Songo, wenye mumetoka Bwegera na asubuhi na wenye mumeshuka kutoka Bijombo kwa miguu, jamaa ya Havyarimana inawaomba mutulie kidogo, hata wale wenye wamesimama inje ya hema, juu tunataka kuwasomea maisha ya dada yetu Manirakiza Pélagie tangu kuzaliwa mpaka juzi siku ya Mungu, na ile mambo ya listi, yenye wengi wenu munaijua kipande kipande, tutaisoma yote bila kuruka mustari, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliomba vile akiwa ku kitanda, mbele ya mudogo wake Gaspard mwenye ameandika karatasi hii.

Marehemu alizaliwa ku Bwegera tarehe 14 mwezi wa pili 1962, mwaka ziwa ilianza kupanda ile mara ya zamani, akiwa mutoto wa ine wa mzee Havyarimana na mama Kaneza, lakini wa pili kwa wenye walibakia, juu kati yake na mukubwa wake Uwimana Apollinarie, mwenye alizaliwa tarehe 3 mwezi wa sita 1955, wazazi walizika watoto wawili, na ndiyo maana huyu walimuita Manirakiza, kusema Mungu ndiye anaponesha, kiisha wakamufunga ku mugongo ya Apollinarie ili mama aweze kurudi mu mashamba ya mupunga. Apollinarie alimubeba miaka mbili. Mpaka uzee wake Pélagie alikuwa anasema kwamba uso ya mama yake anaikumbuka kidogo, lakini mugongo ya dada yake anaijua hata akifumba macho, jasho yake, kidonda ya zamani yenye ilikuwa karibu na bega la kushoto, na vile ilikuwa inatetemeka akicheka.

Masomo, Apollinarie alipata miaka mbili kiisha akasahau yote, Gaspard alipata wiki tatu, na Pélagie hakupata hata siku moja, juu kazi yake ya utoto ilikuwa kufukuza ndege mu mupunga tangu jua kutoka mpaka jua kuingia, na alibakia vile mpaka tarehe 3 mwezi wa kumi 2022, siku ya kwanza ya juma, wakati alikuwa na miaka makumi sita na miezi saba, ndipo aliingia mu masomo ya watu wakubwa ya parokia pamoja na mudogo wake, wakakaa ku banki moja, na walipata karatasi zao tarehe 15 mwezi wa saba 2023. Neno la kwanza alilisoma mwenyewe inje ya masomo lilikuwa ku mufuko ya chumvi, akalisoma, akalirudilia, akamuita muuza duka amuambie kama ni kweli imeandikwa chumvi, na muuza duka akamujibu, mama, na kama ingekuwa sukari ungeinunua? Siku ile alirudi nyumbani bila chumvi lakini akicheka njia yote.

Kazi yake ilikuwa ya mupunga mpaka vita ya 1998, yenye ilimufukuza Bwegera, na alipofika hapa Uvira alifanya kazi ya kuchagua mawe mu muchele pembeni ya mashini za kukoboa, akilipwa na ule muchele wa kuvunjika, miaka makumi mbili na moja, mpaka mwaka 2019 macho yake ilianza kuacha mawe, na wenye mashini wakamuambia kwa heshima kwamba apumuzike.

Kwa ndoa, aliolewa tarehe 12 mwezi wa saba 1980 na marehemu Niyonkuru, mupiga matofali, mwenye alituacha tarehe 19 mwezi wa munane 2009, na Mungu aliwapatia watoto wawili, Toussaint mwenye alizaliwa siku ya Watakatifu Wote 1982, na Irakoze, binti, mwenye surua ilimuchukua mwaka 1990 akiwa na miaka ine. Toussaint alienda kwa machimbo ya zahabu mwezi wa tatu 2011, akapiga simu Noeli ya ule mwaka akisema kwamba ako muzuri na kwamba kule kuna baridi, na tangu siku ile hakuna muntu mwenye amesikia sauti yake.

Sasa tunafika kwa mambo ya listi. Mwezi wa ine 2020, wakati maji ya milima ilishuka mu muji, nyumba ya Apollinarie ilienda na maji, kuta na kitanda, na yeye, mujane bila mutoto, miguu tayari imevimba, alikuja kukaa na mudogo wake hapa Songo mu chumba kimoja. Mwezi wa munane 2021 ikafika proje ya chakula ya wazee, na masharti yake ilikuwa tatu: muntu awe na miaka 65, awe amepoteza nyumba kwa maji, na asiwe na mutoto mukubwa muzima. Apollinarie alipita yote tatu, akaandikwa ku mustari wa 41. Pélagie hakupita hata moja, alikuwa na miaka 59, chumba chake maji haikukigusa, na ku karte yake ya zamani ya jamaa kulikuwa jina ya Toussaint. Lakini kwa kuwa Apollinarie hakuweza kutembea mpaka ku uwanja wa kanisa, Pélagie aliandikwa pembeni ya jina yake sawa mutu wa kumupokelea, na kila alhamisi ya kwanza ya mwezi, wakati mama Annie, prezida wa komite, alikuwa anaita kwa sauti Uwimana Apollinarie, Pélagie alikuwa anajibu, Iko, kusema ako pale, anaweka kidole ku karatasi, anabeba unga, maharagi, mafuta na chumvi, na chakula ya mzee mumoja ikawa ya wazee wawili.

Mwanzo wa mwezi wa tatu 2023 Apollinarie alitamani kuona Bwegera, wakamupeleka kwa Gaspard, na kule, tarehe 11, siku ya posho, ndiyo jumamosi, alikufa akiwa amekaa ku kiti, sahani ya muchele mupya ku magoti, na tukamuzika kule kule kesho yake na kitenge chake cha kijani, bila watu wengi wa Songo kuona sanduku.

Wenye si wa kwetu tunawaelezea. Kwetu mutu akizikwa bado hajaondoka kabisa, mpaka siku ya kuondoa kilio, yenye kwa Kirundi tunaita kuganduka, siku jamaa inapika, majirani wanakula, kiti cha mufu kinatolewa inje, na kuanzia pale jina yake inalala. Kabla ya siku ile, ako bado na kiti chake, na mukeka wake haukunjwe. Na siku ile haiwezi kufanyika na mikono tupu, inaomba chungu.

Tarehe 6 mwezi wa ine 2023 ilikuwa Alhamisi Kuu, siku makumi mbili na tano tu kisha kuzika, na Pélagie alienda ku uwanja na nia ya kurudisha jetoni ya chakula ya dada yake, aliishika mu mukono, imeloa jasho, lakini jina ilipoitwa, kinywa chake kilijibu chenyewe sawa vile kilikuwa kimezoea, Iko, na alipopiga hesabu mu kichwa aliona kwamba hakudanganya, juu kilio haikuondolewa, kiti kiko, mukeka uko, basi dada ako. Alisema mu roho yake kwamba chakula hii ya mwezi huu ataiweka kwa ajili ya kuondoa kilio, atapika, atawalisha majirani, kiisha mwezi wenye unakuja ataenda kusema ukweli. Aliiweka mu mufuko pembeni siku tisa. Siku ya kumi njaa ilimushinda, akafungua, akakula kidogo, na mwisho wa mwezi mufuko ulikuwa tupu, na mwezi wenye ulikuja ikawa vilevile, na ule mwingine, mpaka yeye mwenyewe alimuambia Gaspard maneno yenye hatutaisahau, kwamba yeye ni mutu mwenye anakula kilio ya dada yake.

Gaspard alijua. Jamaa yote ya Bwegera ilijua, na mu parseli hii tumekusanyika pia kuko wenye walijua, na sisi wote tulinyamaza, kwa sababu kusema ingekuwa kumutolea sahani mbele.

Ndipo Apollinarie alianza kuja. Hakuja mu ndoto na hakuja usiku. Alikuwa anakuja saa sita ya muchana, jua katikati, wakati chungu inaanza kutoa harufu, Pélagie anainua kichwa na anaona mutu amekaa ku ule mukeka pembeni ya mulango, na kitenge cha kijani, amemupa mugongo. Kila mara ilikuwa mugongo tu. Hakusema kitu, hakugeuka, na Pélagie, mwenye aliijua ile mugongo kuliko uso wa mama yake, alitazama karibu na bega la kushoto na aliona kidonda iko, lakini haikukuwa inatetemeka, haikukuwa inapumua. Alipakua sahani mbili. Ya pili ilikuwa inapoa mbele ya mukeka, na alikuwa anaikula jioni, baridi, akiomba ruhusa. Siku moja, yeye mwenyewe alisimulia, alisogea na mukono wake ili amuguse kwa bega, na mukono ulikuta baridi sawa ya ukuta wenye maji imelala ndani yake, kiisha kukawa mukeka tu, na majani ya mukeka yalikuwa yamelala chini sawa vile mutu mwenye uzito ametoka kuinuka.

Kujua kusoma hakukumusaidia pale. Kabla ya hapo jina ya dada yake ilikuwa sauti ya Annie yenye inapita na upepo, lakini mwezi wa munane 2023, karatasi yake ya masomo ingali mupya, aliinama ku listi kuweka kidole, na macho yake ikasoma bila kumuuliza, mustari 41, Uwimana Apollinarie, 1955, na mbele yake kisanduku kidogo, muzima, na ndani yake alama. Alisoma mara mbili. Kalamu ilikuwa ku meza, na yeye alikuwa anajua kuandika, lakini aliweka kidole, juu Apollinarie hakujua kuandika, na tangu siku ile kila mwezi mutu mwenye anajua kuandika jina yake alichovya kidole mu wino kwa ajili ya mutu mwenye hana kidole tena, na ule wino haukutoka mbio.

Na kulikuwa mzee Pontien, ameketi pale mbele, anajua kwamba tutamutaja na alikubali. Mzee Pontien alikuwa na miaka 67 na masharti yote, lakini listi ilijaa mbele yake, alikuwa wa kwanza wa kungoja, anaingia siku mustari mumoja utabakia wazi, na kila alhamisi alikuwa anakuja na mufuko wake umekunjwa chini ya kwapa, anakaa mpaka jina ya mwisho, anarudi na mufuko umekunjwa. Na kwa kuwa ulimi wake haujui kufunga, alikuwa anamusalimia Pélagie mbele ya watu wote, dada, Apollinarie iko aje, na Pélagie anajibu, iko, na yeye anasema, ule mama ako nguvu kuliko sisi wenye tunatembea, umuambie atuachie kidogo na sisi, tukonde kwa zamu, watu wanacheka, na Pélagie alikuwa anacheka pamoja nao, kiisha anabeba unga yake bila kugeuka, juu alikuwa na woga kwamba akigeuka ataona mugongo mwengine, wa mzee mwenye anaenda na mufuko tupu.

Mara kumi na saba, kisha dada kuzikwa, alijibu, Iko. Tumezihesabu pamoja naye.

Tarehe 18 mwezi wa munane 2024, kisha misa, ikatangazwa kwamba proje imefungua mulango, kwamba kuanzia sasa mzee ni miaka 60, hata mwenye maji haikumuharibia nyumba kama tu ni maskini, na hata mwenye ako na mutoto, ikiwa majirani watatu wa avenyi yake watashuhudia kwamba ule mutoto hamutumii kitu. Tangazo ilibandikwa ku mulango wa kanisa, na Pélagie aliisoma mwenyewe na kidole chini ya kila neno, hakungoja mutu amusomee, na chini kabisa akasoma mustari wenye Padri hakuutaja, kwamba chakula haitaongezwa mbio, kwamba wapya wataingia pole pole, na wa kwanza watawekwa mu nafasi za wenye wamekufa. Alisimama pale mpaka mulango ukafungwa. Mulango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya watu sawa yeye, na mwenye alikuwa ameukalia alikuwa dada yake, na mwenye alimukalisha pale alikuwa yeye.

Alimuita Gaspard kutoka Bwegera akamuuliza afanye nini, na Gaspard, tunaisoma sawa ilivyo, alimuambia aandikwe kwanza, ale, kiisha mambo ya Apollinarie tutaona. Pélagie alimujibu, weye hauone yeye saa sita. Minye ndiye ninapikia yeye.

Basi tarehe 5 mwezi wa tisa 2024, alhamisi, Annie aliita Uwimana Apollinarie, na Pélagie alisimama, na mbele ya uwanja wote alisema kwamba Uwimana Apollinarie alikufa tarehe 11 mwezi wa tatu 2023 ku Bwegera, saa tisa ya muchana, na kwamba mwenye amekuwa anajibu ni yeye Manirakiza Pélagie. Annie alibakia na kalamu juu, na watu wote walitazama mzee Pontien, wakingoja, na yeye akasema, kumbe tulikuwa tunakula pamoja na mufu, na ni minye tu sikualikwa. Hakuna mwenye alicheka. Annie alivuta mustari juu ya jina, na akamuomba Pélagie aweke alama pembeni kushuhudia, na Pélagie alichukua kalamu, akaandika jina yake yote, polepole, na herufi zote.

Siku ileile komite ilimuandika mu listi ya kungoja ya wapya, na walipofika kwa mutoto, muandishi akamuuliza kama Toussaint ni muzima ao amekufa, na Pélagie akamuambia, sijui, na muandishi akasema kwamba kisanduku cha sijui hakiko, na yeye akamujibu kwamba mutu mumoja mwenye alikufa walikuwa wamemuandika muzima kwa sababu yake, na hawezi kuongeza kosa ya pili kwa kuandika kufa kwa mutoto mwenye hajamuzika, basi muandishi akaacha nafasi ile nyeupe, na majirani watatu wakashuhudia.

Mwezi wa kumi hakupata kitu, ndivyo komite ilikata, na jamaa hailaumu mutu. Mustari wa 41 ulipewa mzee Pontien, na tarehe 3 ya ule mwezi, jioni, alikuja ku mulango huu na nusu ya unga yake na nusu ya maharagi, na alipoona Pélagie anataka kukataa alimuambia, usijipendekeze, hii si ya kwako, ni ya Apollinarie, umupelekee. Ile unga Pélagie hakuikula. Aliifunga, na safari hii siku ya kumi ilipita bila kuifungua, na ya makumi mbili, alikula muchele kidogo wenye Gaspard alituma na majani ya kuchemusha, na akaanza kukonda.

Tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 2024 Annie aliita Manirakiza Pélagie, kwa mara ya kwanza, na alijibu, Iko, na wenye walisimama karibu wanasema kwamba sauti yake ilitoka sawa ya mutoto. Chakula ile yote aliiunganisha na ile ya mzee Pontien, na tarehe 16, siku ya posho, alipika chungu mbili hapa hapa tuko, majirani wakakula mpaka ikabakia, Padri akaomba, Gaspard na mzee Pontien wakatoa kiti cha Apollinarie inje, na Pélagie mwenyewe akakunja mukeka. Alituambia kwamba saa sita ya ile siku alimuona mara ya mwisho, akiinuka, na mugongo yake ilikuwa inatetemeka kidogo, karibu na bega la kushoto. Hakugeuka.

Ugonjwa ilimushika tarehe 20, pumuzi ikamukosa, miguu ikavimba, na tarehe 23 tukamufikisha ku hospitali, ambapo munganga alituelezea kwamba damu ilipunguka na moyo ulichoka tangu muda murefu, walimupatia damu chupa mbili, akapata nafuu, akaomba kalamu na karatasi akamuandikisha Gaspard hii historia, akimusahihisha tarehe, na tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2024, siku ya Mungu, saa ine ya asubuhi, alituacha, akiwa na miaka makumi sita na mbili, miezi tisa na siku kumi na saba.

Jamaa inashukuru waganga na wauguzi wenye walimusimamia siku munane bila kuchoka, inashukuru walimu wa masomo ya watu wakubwa, mama Annie na komite yake, wamama wenye walichagua mawe pamoja naye ku mashini, wenye wameleta maji na kuni, na mzee Pontien, mwenye hatutamuongezea maneno kwa sababu yake mwenyewe iko ya kutosha.

Na kuko ombi moja. Keshokutwa ni alhamisi ya kwanza. Jina ya Pélagie iko mu listi, karatasi imeshatoka, na itaitwa. Mutu wa jamaa asijibu, na jirani mwenye roho ya huruma asijibu. Gaspard atakuwa pale, atasema kwamba dada amekwenda, ataandika jina yake mwenyewe kushuhudia, na mustari ule utapewa mwenye anafuata, mwenye mufuko wake ungali umekunjwa. Na weye dada, kilio yako hatutaichelewesha, tutaiondoa tarehe 14 ya mwezi huu, kwa kile kitabakia mu chungu ya jamaa ya Bwegera. Mukeka wako tutaukunja siku ileile, usirudi kutuangalia saa sita.

Dada Pélagie, mwenye ulibebwa na ukabeba, pumzika kwa amani.